Fainali Ambayo Baba Aline Hakuicheza

Mmenibana kweli, ninyi vijana wa kile kipindi cha mtandaoni. "Mama Neema, tuandikie vile mlivyokuwa mkifanya kazi zamani." Zamani gani? Nimestaafu juzi tu, na kompyuta niliyoiacha gazetini ni mpya kuliko hiyo yenu inayokwama kila mkialika mgeni. Nilikuwa nimekataa. Halafu wiki iliyopita nikawasikia hewani mkimzungumzia mchezaji mmoja mstaafu, na mmoja wenu akasema, tena kwa sauti nzuri kabisa, "inasemekana." Inasemekana na nani? Hilo neno likiniingia sikioni nawashwa mwili mzima. Basi kaeni chini, ninaandika.

Nilikuwa mwandishi wa michezo katika gazeti la mtaa hapa Stockholm, na nilipewa besiboli kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Kandanda ilikuwa na wenyewe. Mpira wa magongo wa barafuni ulikuwa na wenyewe, tena hao usiwasogelee. Besiboli ilikuwa imekaa pale kwenye kona kama kiti chenye mguu mbovu, akaja mwanamke kutoka Nakuru na Kiswidi chake cha kuungaunga, wakasema mpeni huyo. Nikakikalia kiti changu. Nilikikalia mpaka wakawa wananipigia simu kutoka miji mingine kuniuliza nani alirusha mpira mwaka gani.

Viwanja vya besiboli vipo huku, msishangae, pembezoni mwa jiji, vya nyasi, na watazamaji wake ni mama za wachezaji na mbwa wao. Na wastaafu wake wapo. Hao ndio waliokuwa chakula changu cha kila wiki, wanaume wenye mabega mabovu na kumbukumbu nzuri kupita kiasi. Sikilizeni, mstaafu hadanganyi. Mstaafu anapalilia. Ana mechi yake moja, na kila mwaka anaing'olea magugu, anaitilia maji, mpaka inakuwa na matunda ambayo siku ile hayakuwepo. Ukimwuliza "Ni kweli?" umemtukana, na atakujibu ndiyo. Mwulize alikuwa amesimama wapi. Mwulize jua lilimpiga usoni au kisogoni. Aliyekuwepo utamwona anakunja uso wake pale pale mezani. Aliyesimuliwa atakutazama tu, kisha atakuuliza kama unataka kahawa zaidi.

Na ukisikia mstaafu amefariki, piga simu nyumbani kwake. Naona mnacheka. Siku moja dawati zima la habari za michezo lilikuwa limeshaandika tanzia ya mdakaji mmoja wa zamani, picha imechaguliwa, rambirambi zimeshaanza kumiminika mtandaoni, na mimi nikatia ngumu nikasema ngoja nipige kwanza. Marehemu akapokea mwenyewe. Nikamwuliza hali. Akasema hali yake si mbaya ila uji uko jikoni unaungua, je, ninaweza kupiga baadaye? Kumbe aliyefariki alikuwa binamu yake mwenye jina lile lile la ukoo, Mungu amrehemu. Tangu siku hiyo hakuna aliyenicheka gazetini nikisema ngoja nipige.

Sasa nakuja kwa Baba Aline.

Wengi wenu mnamjua kwa jina la Mzee Deo, yule Mrundi wa Märsta aliyekuwa akisafisha ndege uwanjani Arlanda, mrefu, mpole, anayekaa kiti cha nyuma kanisani ili akunjue mguu. Alikuja Uswidi kijana mdogo, mkimbizi, na akawa mrushaji. Mrushaji ndiye yule anayesimama katikati ya uwanja na kumvurumishia mpigaji mpira. Timu ikiwa na mrushaji mzuri, wengine wanaweza hata kusinzia. Deo alikuwa mzuri. Hilo nilishalihakiki kabla hata hatujafahamiana vizuri, kwa watu waliojaribu kuupiga mpira wake na gongo likapita hewani tupu.

Mwaka huo ninaousimulia, karibu na kustaafu kwangu, Deo alikubali kuwafundisha watoto besiboli kule Bredäng. Ilikuwa kazi ya kujitolea. Wazazi walifurahi, watoto walijaa, na vijana wa jumuiya yetu wakatengeneza tangazo wakalisambaza kwenye simu zote: NJOONI MFUNDISHWE NA BINGWA WA USWIDI, SHUJAA WA FAINALI. Nililiona tangazo lile nikasema moyoni, lo, haya sasa.

Haikupita muda mrefu, mhariri wangu Gunilla akaniita. Alikuwa amepigiwa simu na mtu wa klabu pinzani ya zamani. Mtu huyo alisema Deo hakurusha hata mpira mmoja kwenye ile fainali iliyoipa timu yake ubingwa wa Uswidi, kwamba amekuwa akijivika sifa za mwenzake miaka yote, na sasa anazitumia kuwavuta watoto. Gunilla alikuwa ameshampa habari ile Henrik, mwandishi kijana, na kichwa cha habari kilikuwa kimeshaandikwa kwenye skrini: Bingwa wa uongo afundisha watoto wetu.

Nilisimama pale nikasoma, nikahisi damu imenipanda kichwani. Mlijue jambo hili. Mwanamume wa miaka ile, ngozi ile, lafudhi ile, akishaitwa mwongo mbele ya watoto wa watu, hapati tena watoto wa kufundisha. Hapati hata salamu kwenye treni. Kisa chenyewe ni hicho, vijana wangu, kama mtu huyu angeitwa mwongo au asingeitwa.

Nikamwambia Gunilla mambo mawili. La kwanza, mimi ni mtu wake. Tunasali naye, nimekula kwake, binti yake Aline ananiita shangazi. Kwa hiyo habari hii siandiki mimi, aandike Henrik. La pili, haitoki mpaka nimeijua midomo ya kwanza.

"Midomo gani?" akauliza.

"Nani alisema kwanza. Kama ni Deo aliyesema, chapeni, nami nitalia kwangu. Kama si yeye, hiki kichwa cha habari ni chetu, uongo wake ni wetu."

Alinitazama sana. Kisha akasema nina mpaka gazeti la wiki inayofuata. Gunilla alikuwa mkali lakini hakuwa mtu mbaya.

Nikaanza. Mzee wa kanisa nikamwuliza, unajuaje Deo alishinda fainali? "Ah, Mama Neema, si kila mtu anajua!" Kila mtu ni nani? Akanitajia mama mmoja wa Spånga. Mama wa Spånga akasema aliambiwa na mumewe. Mume akasema alisikia kwenye harusi ya Aline. Waliotengeneza tangazo? Harusini. Mwalimu wa kwaya? Harusini, tena alipiga makofi mpaka mikono ikamwuma. Mashahidi walikuwa wengi hata ningeweza kujaza treni, na wote walikuwa wamekula pilau ukumbi mmoja. Ukihesabu vichwa unasema habari imethibitishwa. Ukihesabu midomo ya kwanza unakuta mmoja.

Mdomo wenyewe ulikuwa wa Omondi. Mnamjua Omondi, Mkenya mwenzangu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, mshereheshaji wa kila harusi na kila kumbukumbu. Nilimfuata kazini kwake kwenye maghala ya mizigo, akatoka na fulana yake inayong'aa.

"Omondi, nani alikwambia Deo alirusha ile fainali?"

"Hakuna aliyeniambia hivyo, dada. Niliambiwa pale mezani kwamba timu yake ilikuwa bingwa. Sasa timu ikiwa bingwa, mchezaji wake si bingwa?"

"Na yale ya kuwaangusha wapigaji wote mmoja mmoja?"

Akacheka, akajikuna kidevu. "Hayo nilitia chumvi kidogo. Mama Neema, wakwe walikuwa wamekuja kutoka Brussels! Nimtambulishe baba wa bibi harusi kwa jina tupu? Huyu hapa Deo, anasafisha ndege? Wangesema tumemdharau mzee wetu!"

Na hapo ninyi mnanielewa, hata mliozaliwa huku mnaowajibu mama zenu kwa Kiswidi. Kwetu mshereheshaji humvisha kila mtu kilemba cha ukoka. Msaidizi wa wauguzi anakuwa daktari, dereva wa basi anakuwa mkurugenzi wa usafiri, na mimi mwenyewe nimeshatambulishwa kama mmiliki wa gazeti. Unafanya nini? Unainuka nusu, unapunga mkono, unakaa. Nani atanyanyuka mbele ya wakwe amnyang'anye mtu kipaza sauti aseme, "Samahani, huyu bwana anadanganya"? Utakuwa umemvunjia heshima yeye, na bibi harusi, na wageni, na chakula chenyewe. Nilipomweleza Gunilla haya alishika kichwa. Akauliza kwa nini Deo hakusema tu hapana. Nikamwambia, njoo siku moja tukualike, uone kama wewe utaweza.

Lakini bado nilikuwa na kazi. Kujua uongo ulianzia wapi si kuujua ukweli. Nikaenda Spånga kwa Mswidi mmoja aitwaye Leif, ambaye alikuwa timu moja na Deo. Nikamwuliza alikuwa amesimama wapi siku ya fainali. "Katikati," akasema. "Nilirusha mimi, mwanzo hadi mwisho. Deo alikaa benchi. Bega lake lilikuwa limekufa." Jua lilimpiga wapi? Akakunja uso. Basi, huyo alikuwepo.

Kisha nikapanda treni kwenda Märsta. Habari ya kumwumiza mtu haiulizwi kwa simu. Unakwenda, anakuona uso, nawe unamwona wake.

Deo alikuwa jikoni, Aline naye alikuwepo na mwanawe mgongoni. Sikuzunguka.

"Baba Aline, ulicheza fainali au hukucheza?"

"Sikucheza," akasema.

"Umewahi kumwambia mtu kwamba ulicheza?"

"Hapana."

"Na ulipowasikia wakisema?"

Aline akaingilia kati, macho mekundu. "Shangazi, kwa nini unamfanyia hivi? Watu wangapi wanatukuzwa kwa mambo ambayo hawajafanya? Acha mzee apumzike!" Nikamwambia mwanangu, habari itatoka nikitaka nisitake. Kilichobaki ni kama itatoka ikiwa kweli. Alinikata jicho akaenda chumbani, na niliumia, nisiwafiche. Binti yule nilimshika siku alipozaliwa.

Tukabaki wawili. Nikatoa makala ya zamani ya gazeti letu niihakiki nayo, ya miaka ile Deo alipoanza kung'aa, ambayo magazeti mengine yote yalikuja kuinakili. Ilikuwa makala tamu kweli. Ilisema mkimbizi huyu alijifunza kurusha akiwa mtoto, akiwafukuza ndege kwa mawe kwenye mashamba ya mpunga. Nikamtafsiria kwa Kiswahili, neno kwa neno, maana kule nyuma hakuwahi kuisoma vizuri. Alianza kucheka kabla sijafika mwisho.

"Mpunga? Miye? Mama Neema, miye ni mtoto wa Buyenzi, katikati ya Bujumbura! Mpunga nimeujulia kwenye sahani!"

"Sasa hili lilitoka wapi?"

"Yule mwandishi aliniuliza Burundi kuna nini. Kiswidi changu kilikuwa kidogo. Nikasema kuna mpunga, kuna ndege. Akafurahi sana akaandika. Miye nikafikiri tunasoma jiografia."

Nilicheka mpaka machozi, halafu hasira ikanirudia. Niliirudisha hasira hiyo gazetini kama nilivyo, na koti sijavua. Nikamwambia Gunilla: tumemkuta mtu huyu na uongo mara mbili. Mmoja alivishwa na mshereheshaji wa harusi, wa pili tulimvisha sisi, tena bila hata pilau. Ukiuchapa wa kwanza ukauficha wa pili, hapo mwongo atakuwa gazeti.

"Yule mwandishi ameshastaafu zamani," akasema Gunilla. "Nani anajali ndege?"

"Wewe ulijali fainali."

"Hatuwezi kusahihisha kila sentensi tuliyowahi kuandika."

"Hii moja tunaweza. Ukurasa ule ule, herufi ukubwa ule ule. La sivyo jina langu liondoeni kwenye gazeti kuanzia leo, na mtafute mwingine wa kuwapigia marehemu simu."

Sikubanduka. Henrik, na ninamsifu kwa hilo, akasema bila kuinua kichwa kwamba yeye pia hataki jina lake juu ya kile kichwa cha habari. Gunilla akatutazama sote wawili, akaifuta ile sentensi kwenye skrini. Akamwambia Henrik aandike upya, ya harusini yawemo na makosa yetu yawemo.

Henrik aliandika vizuri. Aliandika kwamba Deo hakucheza fainali, kwamba hatukupata mtu yeyote aliyemsikia akisema alicheza, kwamba sifa ile ilitoka kwenye utambulisho wa harusi naye akanyamaza kwa heshima ya wakwe, na kwamba hadithi ya mpunga ilikuwa kosa la gazeti letu wenyewe. Kisha nikarudi Märsta kumsomea Deo maneno yake kabla hayajachapwa. Fanyeni hivyo daima, hasa mtu akizungumza kwa lugha moja na kuandikwa kwa nyingine. Maneno ya mtu yakivuka lugha, mwenyewe lazima ayakague.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Nikadhani tumemaliza. Akasema, "Ongeza kitu."

"Kitu gani?"

"Mnasema nilinyamaza kwa sababu ya wakwe. Harusini, sawa. Lakini baada ya harusi? Ningeweza kumwambia Omondi kanisani. Sikumwambia kwa sababu ile fainali siwezi kuitaja kabisa." Akalishika lile bega lake bovu, machozi yakimlengalenga. "Nilikaa benchi siku ile nikamwomba Mungu tushindwe. Leif anarusha, na miye ninaomba apigwe. Niliona wakishinda bila miye watajua hawanihitaji. Nilikuwa mkimbizi, dada. Bila ile timu nilikuwa nani hapa? Wakashinda. Wakanibeba juu na miye nikabebwa. Andika hilo."

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na hapo kalamu ilinigomea. Hilo hakuna mtu angelihakiki. Hakuna mtu angelijua. Nikamwambia sitaliandika leo. Alale nalo, na akiamka bado analitaka, anipigie. Jambo la moyoni mwa mtu halichukuliwi wakati analia, hata akikupa mwenyewe kwa mikono miwili. Hilo mlishike kuliko yote niliyosema hapa.

Asubuhi simu ikalia. "Weka," akasema. Tukaweka.

Jumamosi ile kule Bredäng nilikwenda, sikualikwa. Wazazi walikuwa wamesimama pembeni na gazeti, wengine uso umekunjamana, na baba mmoja akamwuliza Deo waziwazi kama ni kweli aliiombea timu yake mabaya. Deo akasema ni kweli. Akasema pia kwamba kwa sababu hiyo, kwake yeye mtoto wa benchi ndiye atakayefundishwa kwanza. Wawili wakaondoka na watoto wao. Waliobaki wakavaa glovu. Aline hakunisalimu siku hiyo, wala mwezi huo. Baadaye alinisalimu.

Na Leif. Leif alipiga simu gazetini akitaka namba ya Deo. Namba za watu hatugawi, nikamwuliza Deo kwanza, akasema mpe. Leif hakupiga. Alipanda treni akaenda mpaka Märsta, akabisha hodi, mzee wa watu na mkongojo wake. Deo alinisimulia yaliyofuata akicheka, akikohoa, akianza upya. Anasema Leif alikataa hata kukaa. Alisimama mlangoni akamwambia, "Deo, siku ile mkono wangu ulikuwa unatetemeka, nikawa nakuangalia wewe benchi, naona midomo yako inatembea. Nilidhani unaniombea. Nilirusha fainali nzima kwa nguvu ya hayo maombi yako."